Umeumia ajalini barabara ya Lunga Lunga? Ushahidi wa madai yako uko pia kwenye simu

Barabara hii inatoka Likoni, inapita Ukunda, Gazi na Msambweni hadi mpakani Lunga Lunga. Ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Humo humo wanapita matatu, boda boda, lori za miwa, mabasi ya kwenda Tanga na Dar es Salaam, watoto wa shule na mama aliyebeba ndoo ya samaki. Gari likikosea kidogo tu, mtu anaumia.

Wengi wakishatoka hospitali hudhani mambo yameishia hapo. Wanashukuru Mungu kwa uhai, wanalipa madeni ya matibabu pole pole, basi. Lakini sheria ya Kenya ya bima ya magari kwa watu wengine, ile inayoitwa Sura ya 405, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kumlipa mtu atakayeumizwa na gari hilo. Abiria wa matatu, mwenye kutembea kando ya barabara, mwenye baiskeli, wote wanaweza kudai. Hiyo fidia si sadaka ya mwenye gari. Bima ilishalipiwa kwa sababu hiyo hasa.

Kinachoangusha madai mengi si sheria, ni karatasi. Na kwa kuwa siku hizi karibu kila shilingi tunayotumia inapita kwenye simu, tumeona tuandike somo hili kwa upande wa pesa: nini cha kuhifadhi, ulipe vipi, na nani wa kumwogopa.

Siku ile ile

Kwanza uhai. Katiba, kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kwa ajali ya maeneo ya Gazi, wengi hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Msambweni, na wenye majeraha makubwa zaidi hupelekwa Mombasa. Usikubali kuambiwa urudi nyumbani "ukapumzike" kama kuna mfupa unauma. Ukienda hospitali siku tatu baadaye, wakili wa bima atauliza: tutajuaje kama hukuanguka kwenye mnazi?

Ukiwa na nguvu, au kama una jamaa pale, piga picha nambari ya gari. Kama magari ni mawili, piga picha nambari zote mbili, maana hujui bado nani atapatikana na kosa. Bila nambari ya gari huna bima ya kufuata. Chukua pia nambari za simu za mashahidi wawili watatu. Muuza madafu aliyekuwa stegi na akaona kila kitu ana thamani kuliko watu ishirini waliofika baada ya vumbi kutulia.

Dereva ana wajibu wa kisheria kusimama na kuripoti polisi ndani ya saa 24, lakini usimtegemee. Wewe au mtu wako mwende kituo cha polisi kinachosimamia eneo la ajali, mpate nambari ya OB. Baadaye utahitaji vitu viwili kutoka polisi: abstrakti, yaani karatasi inayoeleza ajali, magari yaliyohusika na kampuni ya bima ya kila gari, na fomu ya P3 ambayo daktari ataijaza kuonyesha umeumia wapi na kwa kiasi gani. Fomu ya P3 ni ya bure. Abstrakti ikikuonyesha bima lakini huna hakika mwenye gari ni nani, unaweza kutafuta kumbukumbu za gari kwa NTSA kupitia eCitizen, kwa ada ndogo.

Kutoa pesa kwa ajenti si ushahidi

Hapa ndipo tunapotaka ukae kidogo. Fidia ina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la maumivu na ulemavu. Hilo hupimwa kwa ripoti ya daktari na kwa kulinganisha na kesi za nyuma, hakuna risiti ya maumivu. Fungu la pili ni la pesa ulizotoa mfukoni kwa sababu ya ajali, na hapo mahakama za Kenya ni kali sana. Kila kitu kitajwe kimoja kimoja kwenye madai, na kila kimoja kithibitishwe. Ukisema "nilitumia kama elfu hamsini hivi," utapata zile ulizo na risiti zake. Nyingine utaambiwa pole.

Chukua mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Gazi, muuza samaki, anarudi kutoka Ukunda. Matatu inagongana na lori, mguu wake unavunjika. Mpwa wake anatoa shilingi 20,000 kwa ajenti, anaziweka mfukoni, na siku nzima analipa: 2,500 za teksi ya kufika hospitali, eksrei, dawa kutoka duka la nje kwa sababu za hospitali zimekwisha, magongo, chai ya wauguzi wa usiku. Miaka miwili baadaye mbele ya hakimu, taarifa ya miamala ya mpwa inaonyesha mstari mmoja: ametoa 20,000 kwa ajenti. Zilikwenda wapi? Huenda alinunua simu. Si kwamba hakimu hamwamini mama. Ni kwamba hana cha kushika.

Sasa siku ile ile, pesa zile zile, lakini mpwa analipa moja kwa moja kutoka kwenye simu. Hospitali kwa Paybill yake rasmi au njia ya malipo ya serikali, duka la dawa kwa Till, dereva wa teksi kwa simu. Kila malipo yanaacha ujumbe wenye jina la aliyepokea, tarehe, saa, kiasi na nambari ya muamala.

Hata hivyo, usilale. Ujumbe wa malipo si risiti. Unaonyesha kwamba pesa zimefika duka la dawa. Hauonyeshi kama ni dawa za mguu wa mama au ni poda ya mtoto. Kwa hiyo omba risiti kila mara, na iandikwe jina la mgonjwa, si la aliyelipa. Kisha fanya jambo dogo ambalo mawakili watakupendea: nyuma ya kila risiti andika nambari ya muamala iliyokuja kwenye simu. Risiti inasema kilichonunuliwa, ujumbe unasema kweli kililipiwa. Vikienda pamoja ni vigumu kuvipinga.

Usilipe gharama yoyote ya hospitali kwenye nambari binafsi ya mfanyakazi, hata akikwambia mashine imelala. Ukiacha hatari ya kuibiwa, malipo hayo yataonekana kwenye taarifa yako kama pesa ulizomtumia fulani bin fulani, na hospitali haitayatambua.

Dereva wa teksi na wa boda hawana kitabu cha risiti, tunajua. Mwombe aandike kwenye karatasi ya kawaida: tarehe, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, jina lake, sahihi na nambari ya gari au pikipiki. Safari za kliniki zikiwa kumi, hizo ni pesa, na watu wengi huziacha mezani kwa kuona ni aibu kumwandikisha kijana wa boda karatasi ya shilingi 150.

Na ile michango? Huku kwetu ajali ikitokea, kundi la WhatsApp linafunguliwa kabla mgonjwa hajafika wodini. Ni jambo jema, Mungu awazidishie. Ila mweka hazina mmoja ashike pesa zote, alipe hospitali moja kwa moja kutoka kwenye simu yake, na asifute ujumbe wowote. Akianza kugawa, huyu elfu mbili akanunue dawa, yule elfu moja ya nauli, ushahidi unatawanyika kwenye simu sita, na mwaka ujao simu mbili kati ya hizo zitakuwa zimepotea.

Kufuta ujumbe kwa bahati mbaya si mwisho wa mambo. Unaweza kuomba taarifa ya miamala ya muda wote unaouhitaji, ile watu wanaita stetimenti. Iombe mapema, usingoje wiki ya kesi. Mwambie pia wakili wako kwamba ni ushahidi wa kielektroniki. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya namna hiyo iambatane na cheti kinachoeleza ilivyotolewa. Picha ya skrini pekee inaweza kukataliwa.

Huna payslip? Una miamala

Mguu ukivunjika, muuza samaki hakai nyumbani siku tatu. Anakaa miezi. Mapato hayo yaliyopotea nayo yanadaiwa, lakini swali huja: ulikuwa unapata kiasi gani? Mfanyakazi wa hoteli Diani atatoa payslip. Mvuvi, muuza mandazi, fundi wa boti, atatoa nini?

Mahakama ya Rufaa ilishasema, katika uamuzi wa mwaka 2005, kwamba hati si njia pekee ya kuthibitisha kazi na kipato cha mtu, kwani Wakenya wengi wanajitafutia riziki bila kuandikiana karatasi. Shahidi anayekujua anaweza kusikilizwa. Lakini kama wateja wako walikuwa wakikulipa kwa Till, taarifa ya miezi sita kabla ya ajali na miezi sita baada yake inaeleza habari yote bila kelele: hapa pesa zilikuwa zinaingia kila siku, hapa zimekatika. Kumbuka tu kwamba mauzo si faida. Ukiuza samaki wa 5,000 na umewanunua 3,800, hasara yako kwa siku ni 1,200. Ukidai 5,000, wakili wa bima atakutia kwenye kona na utaonekana mwongo hata kwa yale ya kweli.

"Mamangu, tuyamalize kinyumbani"

Siku ya tatu hivi, mwenye gari atakuja wodini na mzee mmoja wa kuheshimika. Salamu ndefu, pole nyingi, matunda. Kisha: "Mamangu, sisi sote ni watu wa hapa hapa. Haya mambo ya koti yanachosha. Chukua hii elfu kumi na tano ya dawa, utie sahihi hapa tu."

Kupokea pole si kosa, na kumrudisha mzee mikono mitupu ni vigumu. Lakini pesa ni kitu kimoja na sahihi ni kingine. Mjibu kwa adabu: "Baba, nashukuru sana. Pesa ya dawa nitumie kwa simu ili tuwe na kumbukumbu wote wawili. Karatasi niachie, wanangu wataisoma." Karatasi ikiwa na maneno kama "nimeridhika na sitadai tena," umefunga mlango kwa elfu kumi na tano. Pesa ulizopokea zinaweza kupunguzwa kwenye fidia baadaye, hilo ni haki, na ndiyo maana ni vizuri kiasi kijulikane.

Tahadhari hiyo hiyo ni kwa kampuni ya bima yenyewe. Ikikubali kulipa nje ya mahakama itakupa hati ya kumaliza madai utie sahihi. Usitie sahihi kabla daktari hajasema mguu umefikia wapi. Kama kuna vyuma ndani vitakavyohitaji kutolewa, gharama ya upasuaji huo wa baadaye lazima iwe ndani ya madai. Hutaweza kurudi kuiomba.

Gari gani lilikuumiza?

Kwa matatu na boda boda yenye bima ya kubeba abiria, njia ni ya kawaida. Probox ya watu binafsi inayookota abiria stegi ni shida: kampuni ya bima ina hoja kwamba gari lilikatiwa bima ya matumizi ya nyumbani, si ya biashara, na inaweza kukataa. Bado unaweza kumshtaki mwenye gari, ila swali ni kama ana cha kulipa. Nauli ya chini ya shilingi hamsini inaweza kukugharimu sana.

Kwa kuwa barabara hii inaenda mpakani, huenda uliumizwa na basi au lori la Tanzania. Usikate tamaa ukiona nambari za kigeni. Magari ya namna hiyo hubeba Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya watu wengine inayovuka mipaka, na Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa si mwanachama wa COMESA. Piga picha ya kadi hiyo kabla gari halijaachiliwa. Likishavuka Horohoro, kulipata ni kazi.

Na kama ni gari la serikali, saa inakwenda mbio: kesi dhidi ya serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12. Kwa magari mengine muda ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Miaka mitatu inasikika mingi, mpaka umalize mwaka mmoja kitandani na mwingine ukimtafuta polisi aliyehamishwa.

Jua pia kwamba bima ya lazima ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mahakama ikitoa zaidi, kilichozidi kinadaiwa kwa mwenye gari mwenyewe.

Mtu akifariki, familia ina haki ya kudai. Wengi wetu pwani huzika haraka kama dini inavyotaka, na hilo halizuii madai, mradi polisi wamearifiwa, kibali cha mazishi kimetolewa na cheti cha kifo kimefuatiliwa. Kabla ya kufungua kesi familia itahitaji hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Risiti za sanda, usafiri wa maiti na chakula cha waombolezaji zihifadhiwe vile vile.

Wakili, bima iliyofilisika, na broka wa wodini

Kuna watu huzunguka wodi wakiuliza nani kagongwa. Wanajiita mawakala wa wakili. Mwombe jina la wakili mwenyewe, kisha ulitafute kwenye orodha ya Chama cha Wanasheria wa Kenya mtandaoni, uone kama ana leseni ya mwaka huu. Akikwambia "usilipe chochote, tukishinda nachukua thelathini kwa mia," jua kwamba Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haiyatambui makubaliano ya kulipwa kwa sharti la kushinda tu. Kama huna uwezo kabisa, Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa. Wakili akikaa na pesa zako, kuna Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili.

Kampuni ya bima ikikuzungusha, malalamiko yanapelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Ikianguka kabisa, kama ilivyokuwa kwa United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, kampuni zilizokuwa zimekatia bima matatu nyingi, upo Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, lakini unalipa hadi shilingi 250,000 tu kwa dai moja. Kwa mguu uliokatwa hizo ni chache mno. Ndiyo maana tunasema usikawie kufungua madai wakati kampuni bado iko hai.

Simu ya "fidia yako iko tayari"

Matapeli husoma matangazo ya michango kama tunavyosoma sisi. Wiki chache baada ya ajali mtu anapiga, anajua jina lako, anajua hata hospitali uliyolazwa: "Fidia yako ya laki nane imepitishwa. Tuma 3,500 za usajili nikuachilie sasa hivi kwenye simu."

Hesabu inamwumbua. Kwa kanuni za sasa za pesa kwa simu Kenya, muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000 na akaunti haiwezi kushika zaidi ya 500,000. Laki nane haziwezi kuingia kwenye simu yako kwa mkupuo mmoja hata mtumaji akitaka. Fidia kubwa hulipwa kwa hundi au benki, kwa kawaida kupitia akaunti ya wateja ya wakili wako, na utakuwa umetia sahihi hati kwanza. Hakuna kampuni ya bima inayokutaka utume pesa ndipo ikulipe.

Kuna wanaokuja kwa upole zaidi, wakitaka "kukusaidia" kutoa taarifa yako ya miamala kwa ajili ya kesi, wakuombe PIN au ile nambari ya siri inayoingia kwa ujumbe. Sisi hatukuulizi PIN, wala wakili, wala polisi. Ukiwa kitandani na simu imeshikwa na jamaa, badilisha PIN siku utakayotoka. Na kama umeshatuma pesa kwa tapeli, piga kituo cha huduma kwa wateja mara moja uombe muamala urudishwe kabla hajatoa, kisha uripoti polisi ukiwa na nambari ya muamala.